"Uongo Njoo": Kwa Nini Tulifurahia Kuogopa Mbele ya Redio

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaiweka hofu kati ya maono ya nafsi. Anaieleza kuwa ni mwitiko wetu mbele ya baya lijalo, tena baya ambalo si rahisi kuliepuka. Hadi hapo hakuna ubishi. Mbuzi humkimbia chui, mwanafunzi humkimbia mtihani, na hakuna anayehitaji kufundishwa kukimbia. Sasa mbona mtoto wa miaka minane aliyesikiliza mchezo wa kutisha redioni, akajifunika shuka hadi utosini, huamka asubuhi na swali moja tu: "Leo usiku tutasikiliza tena?"

Mpendwa msomaji, swali hili linaonekana la kitoto lakini wanafalsafa wamelihangaikia tangu Ugiriki ya kale. Kwetu sisi mafrateri, ambao Mungu akipenda tutakabidhiwa kipaza sauti mbele ya waamini, lina uzito wa namna yake. Tuanze basi na utamu wenyewe, na uzito tutaukuta njiani.

Kibatari kikizimwa

Wengi wetu tuliozaliwa karibu na mwaka 2000, hasa vijijini, tuliwahi zama za redio ya betri kabla simu hazijaimeza. Redio ilikuwa ya baba au ya babu, na sheria zake zilijulikana bila kuandikwa. Mtoto hagusi kitufe cha kutafutia stesheni. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, na wengine walizibana kwa meno, ili usiku zipate nguvu ya nusu saa nyingine. Mchana redio ilikuwa ya matangazo ya vifo, salamu na mpira. Usiku ilikuwa na kazi nyingine.

Baada ya chakula na sala kibatari kilizimwa. Hakikuzimwa ili kutuogofya. Kilizimwa kwa sababu mafuta ya taa yananunuliwa. Lakini matokeo yalikuwa yale yale. Watu sita ndani ya giza moja, na katikati yao sauti ya mtu ambaye hayupo. Mlango unalia redioni. Nyayo zinakuja, zinasimama. Mtu anahema. Nje, kwa bahati mbaya, mbwa wa jirani naye anachagua dakika hiyo hiyo kubweka.

Baada ya hapo hakuna aliyekwenda chooni peke yake. Waliobanwa walikwenda kwa msafara, mkubwa mbele, mdogo katikati, na wa mwisho alitembea kinyumenyume.

Usiku uliisaidia redio kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kifizikia, na inafaa kuijua. Mchana jua huliamsha tabaka la chini la ayonosfia, lililoko kilomita 60 hadi 90 hivi juu yetu, nalo hufyonza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupenya hadi tabaka la juu zaidi, hudunda huko, na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana kwenye masafa hayo stesheni za mbali huingia usiku, zikipanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi. (FM haina tabia hiyo, na kwa maoni yetu ina upungufu huo kwa upande wa hadithi.) Mtoto hakujua habari ya ayonosfia. Alichosikia ni sauti inayotoka mbali, inapotea, inarudi, na nyuma yake mkwaruzo usio na mwenyewe.

Namna ya pili inahusu mwili wetu. Jicho lina kope, sikio halina mlango. Ukiogopa unachokiona utafumba macho na kitu kile kitatoweka. Ukiogopa unachokisikia, ukafumba macho, umekiongezea nguvu. Mtoto aliyejifunika shuka hakuwa amekimbia mchezo. Alikuwa ameingia ndani zaidi.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya redio kufika. Katika makabila yetu mengi ilikuwa mwiko kusimulia hadithi mchana, na mtoto aliyeidai kabla jua halijazama alitishiwa adhabu za ajabu ajabu. Sababu moja ni kwamba mchana ni wa jembe. Sababu nyingine ni kwamba hadithi ya zimwi ikisimuliwa saa sita mchana, kuku wakipita katikati ya wasikilizaji, inakufa.

Kabichi, glovu na moyo wa kuku

Redio ilipoingia majumbani katika miaka ya 1920 na 1930, kulikuwa na watu walioigeuza hofu hii kuwa ufundi. Tuwatazame kidogo, kwa sababu kazi yao inaonyesha vizuri kinachotokea ndani ya msikilizaji.

Mwaka 1934, huko Chicago, Marekani, mwandishi Wyllis Cooper alianzisha kwenye kituo cha WENR mfululizo wa michezo ya kutisha ulioitwa Lights Out. Jina lenyewe ni amri ya kuzima taa, na saa yake ilikuwa saa sita usiku. Mwaka 1936 kazi ikachukuliwa na Arch Oboler. Mafundi wao wa sauti walikuwa watu wa jikoni kuliko watu wa mitambo. Kichwa kilichokatwa kwa shoka kilikuwa kabichi. Mtu aliyekuwa akiuawa kwa umeme alikuwa vipande vya nyama ya nguruwe vikikaangwa karibu na kipaza sauti. Binadamu aliyegeuzwa ndani kuwa nje alikuwa glovu ya mpira iliyoloweshwa maji, ikivuliwa taratibu mkononi. Ufundi huo ulienea kwenye michezo ya kila aina: kwato za farasi zilikuwa vifuu vya nazi, na radi ilikuwa bati lililotikiswa.

Mwaka 1937 Oboler alirusha mchezo kuhusu moyo wa kuku uliowekwa hai maabarani, ukaanza kukua, ukavunja jengo, ukafunika mji, ukaendelea. Moyo wa kuku! Uchore ukutani na watu watacheka. Usikie ukidunda gizani, kila dakika ukiwa mkubwa kidogo kuliko dakika iliyopita, na hutacheka. Hakuna aliyeuona moyo ule, kwa hiyo kila msikilizaji aliuumba wa kwake, na kila mmoja aliuumba kwa kipimo cha hofu yake mwenyewe. Mtoto aogopaye nyoka humpa zimwi magamba. Aogopaye maji humfanya litoke mtoni. Mwandishi hakulazimika kujua tunaogopa nini. Alituachia nafasi tu, tukaijaza.

Aristotle aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,200 kabla ya redio. Katika sura ya 14 ya Poetics anasema kwamba kisa cha tanzia kinapaswa kupangwa hivi kwamba hata mtu asiyeona chochote jukwaani, akisikia tu mambo yanavyotokea, atetemeke na kuona huruma. Kumtisha mtu kwa mapambo na vinyago vya jukwaani anakuona ni ufundi wa daraja la chini. Tukisoma sura hiyo darasani, mawazo yetu wengine huenda moja kwa moja kwenye redio ya babu.

Mfano mzuri kuliko yote tuujuao ulirushwa na CBS tarehe 25 Mei 1943, katika mfululizo ulioitwa Suspense. Mwandishi alikuwa Lucille Fletcher, na mwigizaji mkuu Agnes Moorehead. Mwanamke mgonjwa, yuko kitandani, peke yake nyumbani, anapiga simu. Laini zinagongana, naye anasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani usiku huo huo. Anampigia opereta, anawapigia polisi, kila mmoja anamjibu kwa adabu na kwa uchovu, na hakuna anayemwamini. Taratibu sana anaanza kuelewa ni nani atakayeuawa. Mchezo karibu wote ni sauti ya mwanamke na simu. Kwenye filamu tungeona chumba, dirisha, pazia. Kwenye redio hatuna zaidi ya alichonacho yeye, yaani sikio. Tumefungiwa naye.

Jambo moja zaidi kuhusu kipaza sauti, nalo wahubiri tulisikie. Jukwaani mwigizaji akitaka kunong'ona hulazimika kunong'ona kwa kupaza, ili wa nyuma wasikie. Kwenye redio anasogea tu. Mdomo wake unakuwa sentimita chache kutoka kwenye sikio lako, umbali ambao katika maisha ya kawaida tunawaruhusu watu wachache sana. Mama, kwa mfano. Mtu anayezungumza redioni anaupata ukaribu huo bila kubisha hodi.

Hofu yenye tumaini

Bado hatujaeleza utamu. Kutetemeka tumekuelewa, kufurahia kutetemeka ndilo fumbo.

Mtakatifu Augustino aliligusa katika kitabu cha tatu cha Maungamo, akikumbuka jinsi alivyopenda maigizo alipokuwa kijana Karthago. Anashangaa kwa nini mtu hutaka kuumia moyoni kwa kutazama misiba ambayo asingekubali impate yeye, na kwa nini maumivu hayo ndiyo yanayomfurahisha. Jibu lake ni kali. Anauona ni ugonjwa, huruma isiyomsaidia mtu yeyote kwa sababu anayelia jukwaani hahitaji msaada. Tunamheshimu Augustino, na onyo lake halijapitwa na wakati. Lakini kwa mtoto aliye chini ya shuka tunadhani Tomaso anatufikisha mbali zaidi.

Tomaso anasema mambo mawili ambayo, yakiwekwa pamoja, yanafungua mlango. Kwanza, akizungumzia hofu, anasema kwamba hofu inahitaji chembe ya tumaini. Aliyekata tamaa kabisa, asiyeona njia yoyote ya kuokoka, haogopi tena. Pili, akizungumzia furaha, anasema kwamba mshangao huleta furaha, na kwamba tunafurahia kuona vitu vikiwakilishwa hata kama vitu vyenyewe havipendezi. Hapo hapo anaongeza, akimfuata Aristotle, kwamba kuokolewa kutoka hatari kubwa kunapendeza kwa sababu kunashangaza.

Sasa mrudishe mtoto chumbani. Zimwi liko redioni, na kwa dakika hiyo analiamini kiasi cha moyo kwenda mbio. Lakini mguu wake unagusa mguu wa dada yake. Anasikia mama akigeuka kitandani. Baba anakohoa. Tumaini analo, na si wazo la mbali. Ni miili ya watu wanaompenda ndani ya giza lile lile. Anafanya mazoezi ya kukutana na baya akiwa amezungukwa. Kisha mchezo unakwisha, muziki unapigwa, yuko hai, zimwi halikumfikia, na kuokoka kule kunamjaa mwilini kama maji ya baridi. Ndicho anachokiomba tena asubuhi.

Mwanafalsafa Edmund Burke, aliyeandika mwaka 1757, alilisema kwa njia yake: hatari ikitukaribia mno ni kitisho tu, lakini ikiwa mbali kiasi inaweza kupendeza. Tungemwongezea kwamba umbali wenyewe mara nyingi si wa mita. Ni swali la nani amelala pembeni yako.

Ushahidi wa haya ni betri. Kila aliyekulia na redio anazikumbuka zile jioni ambapo betri zilikufa katikati ya mchezo, mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango ambao hakupaswa kuufungua. Hofu ilikuwepo, wokovu haukuja. Usiku ule haukuwa mtamu hata kidogo. Watoto walilala vibaya, na shuleni siku ya pili kila mmoja alikuja na mwisho wake, maana mwisho wowote, hata wa kipuuzi, ulikuwa afadhali kuliko mlango ule kubaki nusu wazi.

Anayetangaza kwamba anadanganya

Kuna kitu cha tatu, na kwetu ndicho kikubwa. Fanani wa Kiswahili haanzi tu. Anaita: "Hadithi, hadithi!" Nasi tunamjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Tumeyasema maneno hayo mara nyingi mno hata hatuyasikii tena. Yasikilize sasa. Kabla zimwi halijatajwa, hadhira nzima, kwa sauti moja, imekiri kwamba kinachokuja ni uongo, na kwamba uongo huo unakaribishwa kwa ajili ya utamu wake. Ni mkataba. Anayesimulia hadanganyi, kwa sababu sote tumekubaliana. Mtoto mdogo kuliko wote naye ametia sahihi kwa kinywa chake.

Michezo ya redio ilikuwa na mikataba yake. Kuanzia mwaka 1941 Wamarekani walisikiliza Inner Sanctum, mfululizo uliotayarishwa na Himan Brown, ambao ulifunguliwa kwa mlango unaolia kwenye bawaba. Baada ya mlango alikuja mwenyeji aitwaye Raymond, mcheshi wa makaburini, aliyetania kuhusu maiti kana kwamba ni wapangaji wake. Mwishoni aliwatakia wasikilizaji ndoto njema kwa sauti ya kuonyesha kuwa hatarajii wazipate, kisha mlango ukafungwa. Mlango ule ulikuwa "uongo njoo" yao. Ulisema: unaingia. Baadaye ulisema: umetoka.

Nini hutokea mkataba ukivunjwa? Hapa historia inaanza na padre.

Ronald Knox alikuwa mtoto wa askofu wa Kianglikana huko Uingereza. Alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1917 na kupadrishwa mwaka 1919, na kwa miaka kadhaa alifundisha katika chuo cha St Edmund's, Ware, kilichokuwa shule na seminari kwa pamoja. Baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Alikuwa pia mtu wa utani. Tarehe 16 Januari 1926 alirusha kupitia BBC, kutoka Edinburgh, kichekesho kilichoigiza matangazo ya kawaida ya jioni. Mhadhara wa kuchosha kuhusu fasihi unakatizwa na habari: wasio na kazi wanaandamana London. Muziki unapigwa, unakatizwa: mnara wa Big Ben umeangushwa. Muziki tena, kisha habari tena: waziri ametundikwa kwenye nguzo ya tramu, hoteli ya Savoy imelipuliwa. Mwanzoni ilielezwa kuwa ni mzaha. Lakini waliofungua redio wakiwa wamechelewa hawakulisikia tangazo hilo, na walipiga simu kwa hofu. Theluji nayo ikachelewesha magazeti kesho yake, hivyo maeneo ya mashambani watu waliona magazeti ya London hayaji na wakajumlisha wenyewe. Tukumbuke mazingira pia: Uingereza ilikuwa na hofu ya mapinduzi, na mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuja kweli mwezi Mei mwaka huo huo. Padre Knox hakuwatisha watu kwa zimwi. Aliwatisha kwa kitu walichokuwa tayari wanakitarajia.

Orson Welles alisema baadaye kwamba wazo lake alilipata hapo. Jumapili tarehe 30 Oktoba 1938, akiwa na miaka 23, alirusha kupitia CBS mchezo wa The War of the Worlds, viumbe kutoka sayari ya Mirihi wakitua New Jersey, sehemu kubwa ikiwa katika umbo la taarifa za habari zinazokatiza muziki. Mwigizaji mmoja alijiandaa kwa kusikiliza kanda ya mtangazaji aliyeshuhudia ndege ya Hindenburg ikiteketea mwaka 1937. Tangazo la kwamba ni mchezo lilikuwepo mwanzoni, lakini wengi walikuwa wakisikiliza stesheni nyingine na walijiunga katikati. Magazeti yaliandika kana kwamba taifa zima lilikimbilia barabarani. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba yalikuza mno. Hata hivyo waliotishika walikuwepo, na wiki chache kabla redio hizo hizo zilikuwa zimekatiza muziki wao kwa habari za kweli za mgogoro wa Ulaya uliokaribia kuwa vita.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Tarehe 12 Februari 1949, huko Quito, Ekuado, kituo cha Radio Quito kilirusha toleo lake la kisa hicho, likikatiza kipindi cha muziki bila onyo lolote. Majina ya mahali yalikuwa ya kwao. Watu walimiminika mitaani, wengine wakakimbilia makanisani. Kituo kilipotangaza kuwa ni mchezo tu, hofu iligeuka hasira. Umati ulilizingira jengo, ambalo kituo kilikaa pamoja na gazeti la El Comercio, ukalitia moto. Watu kadhaa walikufa.

Tumekaa sana kwenye visa hivi kwa sababu vinatenganisha mambo ambayo chumbani kwa babu yalikuja pamoja. Sauti ilikuwa ile ile, na ufundi ni ule ule wa kabichi na glovu. Kilichopungua Quito ni mwitikio mmoja wa hadhira.

Usiku wa siku hizi

Michezo ya redio imepungua, lakini sauti ya usiku haijapungua. Iko kwenye simu, chini ya shuka lile lile, na safari hii mtoto ana vifaa vya masikioni na hakuna mguu wa dada karibu. Anachosikiliza mara nyingi hakina mlango unaolia mwanzoni wala mwishoni. Ni simulizi za majini zinazodai kuwa kisa cha kweli. Ni shuhuda za watu waliokwenda kuzimu wakarudi na orodha ya waliowakuta huko, pamoja na aina za mitindo ya nywele zilizowapeleka. Zinatumwa na shangazi mwenye nia njema, zikiwa na agizo la kuzituma kwa watu kumi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba shetani ni hadithi. Kanisa linafundisha kuwa yupo, na Injili haituruhusu kuicheza Jehanamu kama kabichi. Ndiyo sababu hasa inauma kuona mambo hayo yakisimuliwa kwa ufundi wa Lights Out na kupewa jina la ushuhuda. Tomaso anatofautisha hofu ya kitumwa, inayotazama fimbo, na hofu ya mwana, anayeogopa kumpoteza baba yake. Ya kwanza inaweza kuwa mwanzo wa safari. Lakini mhubiri aliyegundua jinsi ilivyo rahisi kunyamazisha kanisa zima kwa mnong'ono kwenye kipaza sauti atashawishika kuwaacha waamini hapo hapo, kwa sababu hapo wanatulia.

Na kuna watu wanaolipa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, na ishara mojawapo iliyowaponza ni macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni walikowapikia watoto maisha yao yote. Bibi mchawi ndani ya hadithi, baada ya "uongo njoo", hajawahi kumdhuru bibi yeyote wa jirani. Bibi huyo huyo akitolewa nje ya hadithi, akapewa kijiji na jina, na sauti ya uhakika ikamsimulia usiku kwa watu ambao mtoto wao amefariki juzi, ana uzito mwingine kabisa.

Wazazi parokiani hutuuliza kama watoto waachwe wasikilize simulizi za kutisha. Sisi si walezi wa familia zao, lakini tukiulizwa tunajibu kwamba ndiyo, na tunaeleza namna. Vifaa vya masikioni vitolewe, sauti iwe ya chumba kizima. Mtu mzima awepo, hata kama anasinzia. Mtoto asipelekwe kulala katikati. Kama mchezo umeanza, aachwe aufikie mwisho. Na akiuliza gizani, "Ni kweli?", ajibiwe hapo hapo, hata kama jibu litaharibu utamu kwa sekunde chache. Kisha redio iongezwe sauti.